Mkunga Aliyemnyima Chatu Panya

Kuzaliwa kwake sikujui, na sijakutana na mtu anayekujua. Yeye ndiye aliyejua kuzaliwa kwetu sisi wengine, na alikutangaza bila kuombwa. Sokoni Nachingwea ungemkuta amesimama mbele ya mwanamume mzima, mwenye ndevu na duka la bati na misumari, akimwambia kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza dagaa, "Wewe ulitoka umenuna, na mpaka leo hujakunjua uso. Nipunguzie bei." Na bei ilipungua. Mimi aliniita Mtanguliza Miguu, kwa kuwa nilitoka miguu kwanza, na kila nilipoharibu jambo alinitetea kwa njia yake: "Msimlaumu. Huyu miguu yake ilifika duniani mapema kuliko akili."

Mji mzima ulimwita Mkunga, ingawa zahanati alikuwa ameshaiacha na koti lake jeupe alikuwa amelifanya kitambaa cha kufunikia ndoo ya maji. Genge langu la nyanya, bamia na ndizi lilikuwa mbele ya baraza yake, kwa hiyo kwa miaka mingi nilimwona yeye kabla sijamwona mteja. Nilimpenda. Nalisema mapema kwa sababu mengi nitakayosimulia yatafanya ionekane vinginevyo.

Alikuwa na chatu. Alimfuga katika stoo ya matofali nyuma ya nyumba, iliyobaki tangu enzi za Wazungu wa karanga. Wale walikuja na matrekta kulima karanga, karanga zikawakatalia, wakaondoka na kutuachia majengo. Mkunga alikuwa akisema kwamba katika mradi wote ule, aliyefaidika ni nyoka wake peke yake.

Alimpata kule Namungo, alipokwenda na timu ya chanjo kuchanja watoto wa wachimbaji dhahabu. Alikuta wanaume wamezunguka shimo wanabishana. Wamefukua chatu mdogo, mwembamba kama mpini wa mwiko, na nusu yao walitaka kumpiga sururu, nusu nyingine walisema huyo ndiye mwenye dhahabu, achinjiwe kuku na kuombwa radhi. Mkunga aliwasikiliza kidogo, akachukua ndoo yenye mfuniko, akashuka. "Nipeni mimi," aliwaambia. "Nyie hata hamjui kama mnamwogopa au mnamwabudu." Akarudi naye Nachingwea kwenye gari la chanjo, dereva akidhani ndani ya ndoo kuna mihogo ya kupewa.

Kufuga chatu hakukumgombanisha na mtaa. Tulizoea. Watoto walipelekwa kumtazama siku za Idi na Krismasi. Bwana Nyamapori alikuja siku moja kuuliza kibali, akaketishwa barazani, akapewa uji, akasimuliwa mbele ya watu wote jinsi alivyokataa kulia siku alipozaliwa mpaka akapigwa makofi ya makalio, tena mawili upande wa kushoto. Aliondoka na mche wa mpapai, na sikumwona tena mtaani kwetu. Kilichomgombanisha na watu ni chakula cha huyo chatu.

Hapa lazima nieleze kuhusu panya, na nitaeleza bila aibu. Kwetu kuna watu wanaokula panya wa porini, na kuna watu wanaosema hawali. Wote hununua kwa Fundi. Fundi alikuwa fundi baiskeli, mwenye kibanda upande wa pili wa barabara, lakini mashamba yakishavunwa na nyasi zikishakauka, baiskeli za watu zililala pale bila tairi na yeye alikuwa porini na jembe. Alirudi jioni na panya waliopangwa kwenye kijiti, wamebanikwa vizuri, wananukia. Wale wasiokula walipita nyuma ya nyumba.

Mkunga alipita mbele. Alikuwa mla panya wa wazi, mwenye kuchagua, mwenye kunyonya mifupa. Kuna waliomwambia kitoweo kile hakifai, akawajibu, "Hakifai kwako. Basi niachie na cha kwako." Lakini hakununua panya yeyote bila kwanza kumwapisha Fundi.

Panya wa porini si mjinga. Shimo lake lina mlango wa kuingilia, na lina milango mingine ya kutorokea, imefichwa kwa majani. Mchimbaji hodari huitafuta yote, huiziba kwa udongo na mawe, kisha ndipo huanza kuchimba. Mkunga hakutaka hivyo. Yeye alitaka mlango mmoja uachwe wazi.

"Uliacha?" alimwuliza Fundi, mkono kiunoni.

"Niliacha, Mkunga."

"Apa kwa marehemu mama yako."

"Haki ya mama, niliacha. Na walitoka watatu wanene kuliko hawa, wakanipita kati ya miguu wananicheka."

"Basi hawa ndio wangu. Nyama ya mnyama aliyezibiwa kila mahali hainishuki kooni."

Fundi alilalamika mwaka hadi mwaka. Alisema tangu aanze kumchimbia Mkunga amekuwa mfugaji wa panya wa pori zima bila kujua. Hata hivyo aliacha mlango. Sijui kama alimwogopa Mkunga au mama yake marehemu.

Sasa, mwanamke huyohuyo, mla panya mashuhuri, hakukubali chatu wake ale panya wa porini hata mmoja. Wala panya, wala sungura, wala kwale, wala chochote kilichoshikwa msituni. Vijana walidhani wanamfanyia wema. Walimletea kindi katika kikapu, wakamletea komba mwenye macho kama ya mtu aliyedaiwa kodi. Aliwafukuza wote, na wanyama akawafungulia palepale barazani. Yule komba alipanda juu ya paa la genge langu, akakaa huko mpaka magharibi akila ndizi zangu.

"Bibi," nilimwambia siku ile, na hasira ya ndizi, "porini chatu si anakula hao hao?"

"Anakula. Anawavizia, na wao wanamkimbia. Leo anapata, kesho anawakosa, anashinda njaa. Hapo sina neno. Lakini mimi nikimshika komba, nikamtia ndani ya stoo, nikafunga mlango, halafu nikakaa nje nasikiliza, hiyo nayo utaiita nini?"

"Kulisha."

"Hiyo ni kunyonga, Mtanguliza Miguu. Na mimi kazi yangu ilikuwa kutoa watu mahali pembamba. Kuwatia sijui."

Kwa hiyo chatu alikula kuku. Kuku wa Mkunga mwenyewe, waliototolewa uani kwake na kunenepa kwa pumba zake. Aliwatia stoo wakiwa hai, na hapo ndipo Fundi alipompata.

"Kwani kuku stoo ana mlango?"

"Kuku tuna mkataba naye. Namlisha, namlinda na kicheche, namtibu. Mwisho anajua ni sufuria."

"Huo mkataba alitia saini kwa kidole kipi, cha mbele au cha nyuma?"

Watu barazani walicheka mpaka wakashikilia nguzo. Mkunga alimtupia Fundi kandambili. Wale wawili walikuwa watani wa kujichagulia wenyewe, na mtaa ulikwenda barazani kwao kama wengine wanavyokwenda kutazama mpira. Fundi alikuwa mwepesi wa maneno, lakini kandambili za Mkunga hazikukosa shabaha.

Msidhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja katika kila kitu. Alikuwa jasiri wa nyoka na mwoga wa jongoo. Jongoo mmoja akipita barazani, Mkunga alikuwa juu ya meza, akipiga mayowe mpaka nilikuwa nakuja mbio na fagio nikidhani chatu ametoka. Alihubiri usafi wa mikono kwa kila mama mwenye mtoto mchanga, na yeye mwenyewe alihifadhi ugoro ndani ya kikopo cha maziwa ya watoto, akautia puani kwa kidole alichotoka kukunia mgongo. Alikataza watu kusengenya kisha akauliza, "Enhe, ikawaje?"

Jambo moja tu hakulibadilisha maisha yake yote, nalo ni la milango. Nyumba yake haikufungwa mchana. Zahanati, wanawake waliozaa mikononi mwake wanasimulia, hakuruhusu chumba kufungwa komeo mwanamke akiwa na uchungu. Manesi wenzake waliudhika, upepo ulipeperusha pamba, kuku waliingia. "Aone nje," alisema. "Mwanamke akiona nje, anajua kuna kwenda. Ukimfungia, atabana." Mama yangu anasema aliponizaa mimi na miguu yangu, alikuwa akimtazama mbuzi wa jirani akila kofia ya baba yangu pale nje ya mlango, na kwamba yule mbuzi alimsaidia sana.

Halafu ukaja mwaka wa kideri. Ugonjwa uliingia kwa kuku kama kawaida yake, ila safari ile haukubakiza. Asubuhi ulifungua banda ukakuta wamelala miguu juu. Mtaa wetu ulinyamaza; hata jogoo wa kutuamsha hakuwapo. Uani kwa Mkunga wakafa wote, pamoja na yule mtetea aliyekuwa analala jikoni kwake kama mtoto wa nyumba. Aliwazika. Alikataa kumpa chatu mzoga wa kideri, na Fundi alikuwa hapo kuuliza kama hilo nalo limo kwenye mkataba.

Chatu akaanza kushinda njaa. Kwa mara ya kwanza tukaona ngozi yake imelegea pembeni, kama suruali ya kuazima. Vijana wakarudi na vikapu vyao. Watu wenye heshima zao wakaja kumsihi Mkunga: panya wamejaa mashambani, wanakula ufuta wa watu, wanaguguna korosho ghalani, mpe mmoja tu, nyoka apone. Mwingine akamwambia kwamba kumtesa nyoka kwa njaa ndiyo dhambi yenyewe. Hilo lilimwuma. Nilimwona akiingia stoo na kutoka, akiingia na kutoka, huku akizungumza peke yake. Alikuwa anampenda chatu yule. Kumwona akikonda kulimkondesha na yeye.

Hakumpa panya. Alikwenda dukani akanunua kuku wa friji, mweupe, mgumu kama jiwe la kuegemeza mlango. Akamloweka katika maji ya moto mpaka akalainika na kupata joto, akamfunga kamba, akasimama mlangoni mwa stoo akimchezesha hewani mbele ya pua ya nyoka.

"Kula, baba. Ona anavyoruka. Ona, ona, anakukimbia huyo."

Kuku hakuwa na kichwa wala manyoya wala dalili yoyote ya kukimbia. Chatu alimtazama, akamtazama Mkunga, akageuza uso. Mtaa mzima ulikuwa ukutani ukichungulia. Kila baada ya siku kadhaa alirudia, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kuwasubiri akina mama mpaka alfajiri, na kila mara kuku yule aliishia kwenye mchuzi wake mwenyewe. Alisema hajawahi kula kuku wengi hivyo tangu azaliwe, na kwamba amechoka.

Fundi alichoka zaidi. Roho ya Fundi ilikuwa nyepesi, na hilo watu hawalijui kwa sababu ya mdomo wake. Siku moja Mkunga alikwenda msibani Ruangwa. Alipoondoka tu, Fundi alivuka barabara akiwa na mfuko wa salfeti. Ndani yake mlikuwa na panya buku dume, mkubwa kama paka aliyeshiba, mzima kabisa. Aliniambia nisiseme. Sikusema, kwa kuwa na mimi nilikuwa namhurumia chatu. Akafungua stoo, akamwaga panya buku, akafunga, akarudi kuziba pancha huku akipiga mluzi.

Mkunga alirudi kesho yake. Tulisikia jina la Fundi, kisha jina la marehemu mama yake Fundi.

Panya buku alikuwa ameketi juu ya tofali katikati ya stoo, anajisafisha masharubu. Chatu alikuwa amejikunja pembeni, na mgongoni alikuwa na kidonda kirefu, kimegugunwa mpaka nyama inaonekana. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba inaweza kuwa hivyo. Sisi tulijua nyoka anakula panya, basi.

"Anajivua gamba," Mkunga alisema kwa sauti ndogo, na hiyo sauti ndogo ilitutisha kuliko matusi. "Hamkuona macho yamekuwa meupe? Haoni. Akiwa hivi hali, hapigani. Hata wewe, Fundi, siku unavua suruali huombi ugali."

Akamwamuru Fundi akae chini, ashike mkia. Akachemsha sindano na uzi, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akaanza kushona, bila miwani, kwa vidole tu. Fundi alifumba macho muda wote, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Nimeshona wanawake wa wilaya hii nzima," Mkunga alisema alipokata uzi, "na wote walinitukana wakati wa kushonwa. Huyu kanyamaza. Mwende mkawaambie."

Kisha akageukia panya buku. Sote tulidhani habari yake imekwisha: mnono, mkosefu, na Mkunga alikuwa na hamu ya nyama isiyokuwa kuku. Mkunga aliusukuma mlango wa stoo ukawa wazi kabisa, akasogea kando. Panya buku akatoka bila haraka, akakatiza ua, akapotelea kwenye mibibo ya korosho.

"Unamwacha!" Fundi alifumbua macho.

"Amefungiwa na adui yake bila njia, akajitetea. Kesi yake ameshinda. Wewe ndiye mwenye kesi. Umemtia kiumbe mahali pasipo mlango."

Fundi alikuwa bado ameshika mkia. Aliutazama, akamtazama Mkunga, na safari hii hakuwa akitania.

"Na huyu je, Mkunga? Mlango wake uko wapi?"

Nilisubiri kandambili. Haikuja. Mkunga aliingia ndani akaketi kitandani, na mlango wake, kama kawaida, ulikuwa wazi, kwa hiyo mtaa wote ulimwona ameketi.

Alimuuguza chatu wake. Kidonda kilifunga, gamba likatoka, na siku moja, kwa uchovu zaidi kuliko matumaini, akamchezeshea kuku wa friji, na chatu akamdaka na kumnyonga kwa bidii kubwa, kuku aliyekufa Mungu anajua lini. Tulipiga vigelegele. Mkunga hakupiga. Alimlisha vizuri msimu ule wote mpaka suruali ikamjaa tena, na matope ya mvua za kwanza yalipokauka njiani akaniambia nifunge genge, tuna safari.

Alikuwa amemtia ndani ya salfeti na kuifunga kwa kamba. Tulichukua bodaboda mbili, yake na yangu. Kijana aliyeendesha yake aliuliza mzigo gani. "Mgonjwa wangu," Mkunga alimjibu, na kijana akacheka, akauweka mzigo katikati, mgongoni kwake. Tulikwenda vizuri. Mbele kidogo, kwenye mchanga, nikaona pikipiki inayumba.

"Bi mkubwa," kijana alisema bila kugeuka, "mzigo wako unapumua."

Alipoambiwa ukweli aliiacha pikipiki inanguruma, akaenda kusimama kwenye shamba la mtu. Alisema hela atarudisha, maisha hayarudishwi. Tulimbembeleza. Mwishowe Mkunga alikata shauri: akavua khanga ya juu, akaipitisha salfeti mgongoni, akajifunga mbeleko. Akapanda nyuma kama mama yeyote anayerudi kliniki, na chatu amelala mgongoni kwake. Kijana akakubali kwa sharti kwamba Mkunga asimsogelee. Njia nzima hadi upande wa Ruangwa wanawake walimpungia mkono, na mmoja akamwambia mtoto wake ni mkubwa mno kubebwa.

Tulimfikisha kilimani kule Namungo, mbali na mashimo ya wachimbaji. Mkunga alifungua mbeleko, akafungua kamba, akarudi nyuma. Chatu akatoa kichwa, kisha mwili, kisha akajikunja palepale kando ya salfeti, akatulia.

"Ondoka basi!" Mkunga alimwambia. "Nauli yako nimeshalipa."

Chatu hakuondoka. Tulikaa. Kijana wa bodaboda alipiga picha akiwa juu ya mti. Mkunga alimtukana chatu, akamsihi, akamweleza habari za panya wa kilima kile. Jua lilikuwa limeinama ndipo chatu akajinyoosha polepole na kuingia kwenye mawe, bila kugeuka. Mkunga alilia. Hakusingizia vumbi wala moshi. Alilia, akapenga kamasi kwa ile khanga, akasema, "Mwambie Fundi ameshinda. Mimi simwambii."

Nilimwambia. Fundi hakutamba hata kidogo. Alikwenda porini, akarudi na panya watatu, akaapa kabla hajaulizwa.

Baada ya hapo macho ya Mkunga yakaanza kufifia, na miguu ikafuata. Aliteleza uani mara kwa mara. Mtoto wa dada yake, mwanamke mkimya anayelima korosho na ufuta Mandawa, akaja kumchukua, na mtaa wetu ukabaki na baraza tupu na mtu mmoja wa kuziba pancha bila wa kutaniana naye. Mara mbili tulisikia kwamba Mkunga ametoka Mandawa kwa miguu kuja kwetu, na kwamba amerudishwa. Tulicheka tuliposikia. Nadhani tulicheka kwa kuwa hatukujua la kufanya.

Mwaka huu, korosho zilipoanza kudondoka, Fundi alinipa furushi. "Mpelekee," alisema. "Mwambie niliacha mlango."

Nilifika Mandawa mchana. Uwanja ulikuwa umefagiwa, hakuna mtu. Nilibisha hodi, nikaona kufuli. Lilikuwa kubwa, la kuning'inia, na lilikuwa nje.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mtanguliza Miguu! Zunguka dirishani. Hapo mlangoni utasimama sana."

Dirisha lilikuwa na nondo. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mdogo kuliko nilivyomwacha. Karibu yake kulikuwa na sahani imefunikwa, jagi la maji, na ndoo kwenye kona. Yeye ndiye aliyeanza.

"Umeniona? Nimekuwa chatu. Jioni ananiletea samaki aliyekufa siku nyingi, anamchezesha mbele ya mdomo wangu. Kula, Mama, kula. Na mimi namgeuzia uso." Akacheka kile kicheko chake cha sokoni, na mimi nikaanza kulia kama mjinga. "Nyamaza. Nasikia harufu ya Fundi. Leta."

Nilipitisha panya mmoja katikati ya nondo. Alimpapasa, akamnusa, hakumla.

"Aliacha mlango?"

"Aliacha, Bibi. Ameapa."

Alimgeuzageuza mkononi. "Basi huyu alikuwa na bahati kunizidi," akasema, akamweka juu ya sahani.

Mtoto wa dada yake alirudi na ndoo ya korosho kichwani, akanikuta nimeshikilia nondo. Sikumsalimia. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Yeye alitua ndoo, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Dada, wewe umekuja na furushi, jioni unaondoka," alisema. "Mimi nilimkuta barabarani, lori limesimama hatua moja kutoka kwake, dereva anatetemeka. Shamba halinisubiri, na mtu wa kumwachia sina. Nikiuacha huu mlango wazi, nitamzika."

"Utanizika tu hata ukiufunga," sauti ikasema kutoka ndani. "Tofauti ni kwamba utakuwa umeshaanza."

Yule mwanamke aliketi chini, palepale kwenye mchanga, na ufunguo mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka tangu zamani. Nikajuta yale maneno yangu, nikaketi naye. Kisha akainuka, akafungua.

Mkunga alitoka akishika ukuta. Nilimwona binti akikaza mwili, tayari kumkimbilia, na mimi nilikuwa vilevile. Alivuka kizingiti, akapapasa kwa mguu, akapata mahali penye jua, akaketi. Hakwenda popote. Tulimtazama.

"Msinikodolee macho," alisema. "Nitaondoka nikitaka. Leteni hicho kitoweo."

Nilimpa. Alianza kichwani, kama kawaida yake, akanyonya mifupa kwa kelele, akalalamika kwamba Fundi siku hizi anabana chumvi. Kisha akanyoosha mkono mtupu kwa mtoto wa dada yake, kiganja juu.

"Na kufuli."

Binti alisita, akampa. Mkunga alilipima uzito, akalifunga kwenye pindo la khanga, pale wanawake wengine wanapofunga hela, akakaza fundo kwa meno, halafu akachukua panya wa pili.